Jinsi ya kuandika safari ya utumishi wa askofu wa Methodist kwa kufuata sakiti zake

Kama uko kanisa la Methodist hapa Nairobi na watu wanajua Kiswahili chako kimenyooka, iko siku mwenyekiti wa komiti atakupigia simu akwambie Baba Askofu anastaafu, au Baba Askofu ametutoka, na tunataka wasifu wake kwenye programu, kurasa chache tu, na kufikia Jumatano iwe imeshafika kwa mchapishaji. Wengi hapo wanachukua ule wasifu mfupi uliotumika siku ya kusimikwa kwake, wanakopi alizaliwa wapi, akasoma wapi, akawekewa mikono lini, akachaguliwa lini, ameacha watoto wangapi, basi imeisha. Ukimaliza kuusoma hujui huyu mtu alifanya nini siku ya Jumanne ya kawaida.

Naandikia wewe uliyepigiwa hiyo simu, na hasa wewe ambaye hujapigiwa bado lakini unaona kabisa mzee wenu amebakisha muda mfupi astaafu. Nimesaidia kuandika habari za wachungaji na maaskofu kadhaa na kitu kimoja nakishikilia sana: maisha ya askofu wa Methodist yako kwenye sakiti alizopitia, yaani yale makundi ya makanisa ya mahali aliyopewa kuyachunga. Uaskofu wenyewe ni miaka michache ya mwisho mwisho, nyuma yake kuna miaka mingi ya kufunga vitu na kuhama kila mara konferensi, mkutano mkuu wa kanisa, ikisema hama. Fuata sakiti moja baada ya nyingine na utakuwa na mengi ya kuandika kuliko nafasi uliyopewa. Ukifuata vyeo utaishiwa maneno kwenye ukurasa wa kwanza na utaanza kujaza na sifa.

Anza na yeye mwenyewe, na Mama

Kama yuko hai usimpigie simu tu na maswali. Pitia kwa Mama Askofu au kwa katibu wake, enda na mzee mmoja wa kanisa anayeheshimika, kaeni mnywe chai, alafu mwambie, Baba Askofu tungependa kuandika safari yako ukiwa bado unaweza kutusahihisha. Hapo atajua hamji kumpamba, mnakuja kutafuta ukweli. Omba ruhusa ya kurekodi kwa simu, na umwambie wazi rekodi itakaa wapi na nani ataisikiliza. Saa moja kwa kikao inatosha, uzee unachosha na kukumbuka kunachosha zaidi.

Sasa usimwambie "tuambie kuhusu maisha yako". Huyu ni mtu amehubiri maisha yake yote, ukimfungulia mlango hivyo atakupa mahubiri mazuri sana yenye pointi tatu na utatoka bila kitu cha kuandika. Muulize vitu vya kushika. Ile nyumba ya kwanza ya mchungaji uliyolala, paa lilikuwa la nini? Nani alikupokea siku ile? Ulifika na gari ya nani? Ulikuta deni? Ufunguo wa kanisa ulikuwa kwa nani? Nimeona mzee aliyekuwa anajibu kwa neno moja moja akaanza kucheka na kuongea nusu saa kwa sababu tu ameulizwa maji walikuwa wanachota wapi.

Miaka nayo usiilazimishe. Mzee hatakwambia ilikuwa 1984, atakwambia ni ule mwaka wa njaa tulikula mahindi ya manjano. Kwa hivyo enda na matukio ambayo kila mtu anayajua umuulize alikuwa wapi yakitokea: jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, ukame wa 1984, mkutano wa Wamethodisti wa dunia nzima uliofanyika hapa Nairobi 1986, ghasia za Likoni na mvua za El Niño mwaka wa 1997, bomu la Agosti 7, 1998, vita vya baada ya uchaguzi wa 2007, makanisa kufungwa kwa sababu ya korona 2020. Askofu anayestaafu siku hizi kuna uwezekano mkubwa 1986 alikuwa kijana anahangaika na wito, na kama alikuwa Nairobi wakati huo atakwambia vile alijisikia kuona wageni wa kila rangi wanaimba nyimbo za Charles Wesley na Mmeru, Lawi Imathiu, anachaguliwa kuwa rais wa Baraza la Methodist la Dunia. Alishika hicho kiti hadi 1991. Kwa kijana wa wakati huo hiyo haikuwa habari ya gazeti tu.

Mama Askofu ongea naye peke yake, siku tofauti. Nitamrudia hapo chini maana yeye anastahili zaidi ya aya moja.

Jua ni Methodist ya wapi unaandika

Hapa watu wanachanganyikiwa sana, hata washirika wa miaka mingi. Kanisa la Methodist Kenya limetoka Uingereza, si Marekani. Mwaka wa 1862 Thomas Wakefield alifika Pwani, akisaidiwa na Krapf, yule mmisionari wa Rabai, na misheni ikaanzishwa Ribe, nyuma ya Mombasa. Charles New akaja mwaka uliofuata. Waliowatuma ni kanisa lililoitwa United Methodist Free Churches. Mwaka wa 1907 hilo kanisa likaungana na mengine huko Uingereza na kuitwa United Methodist Church, na 1932 wakaungana tena na Wesleyan na Primitive Methodist, likawa Methodist Church tu. Kwa hivyo ukishika karatasi za zamani za babu yake askofu, ubatizo wa Ribe ama cheti cha shule ya Kaaga, unaweza kukuta majina matatu tofauti na ni kanisa moja tu. Na ile United Methodist Church ya Marekani unayoisikia kwa habari ni nyingine kabisa, ilizaliwa 1968 na ina maaskofu wake na taratibu zake. Ukitafuta kwa intaneti "askofu wa Methodist anachaguliwaje" utapewa majibu ya Marekani, utayaandika, na mchungaji yeyote akisoma atakunja uso.

Kwa nini pia Wamethodisti wengi ni wa Meru na wa Pwani? Wamisionari walikuwa wamegawana nchi ili wasigongane, na kwenye mkutano wa Kikuyu wa 1913 makanisa ya Kiprotestanti yakazungumzia ushirikiano kabisa. Wamethodisti walikuwa na Pwani na Tana, alafu wakapata Meru ambako walijenga kituo Kaaga kuanzia 1912. Nairobi ilikuja baadaye, na ilijazwa na watu waliotoka huko kuja kutafuta kazi. Mweleze msomaji hili kwa sentensi mbili tu, kwa sababu linafafanua kwa nini kijana wa Meru alitumwa Tana River akiwa hajawahi kuona mto unaofurika, na kijana wa Ribe akapelekwa Nyambene kwenye baridi. Uhamisho wa Methodist ulivuka kabila wakati mambo mengine mengi nchini hayakuvuka, na kwangu mimi hilo ni moja ya mambo makubwa zaidi ambayo hili kanisa limefanyia Kenya. Ukiona kwenye safari ya askofu wako kuna sakiti ambayo alifika hajui lugha hata salamu, simama hapo. Muulize nani alimfundisha, alihubiri kwa mkalimani hadi lini, na siku ya kwanza alihubiri mwenyewe watu walimwambia nini.

Kanisa lilipata uhuru wake kutoka Uingereza Januari 1967, na kiongozi wa kwanza Ronald Mng'ong'o aliitwa rais wa konferensi, hakuitwa askofu. Methodist ya Uingereza haina maaskofu hadi leo, wana rais anayechaguliwa kila mwaka. Imathiu alimfuata Mng'ong'o na ni wakati wake cheo cha askofu kilipoingia. Baada yake tukawa na Zablon Nthamburi, Stephen Kanyaru, Joseph Ntombura, na mwaka wa 2023 Isaiah Deye. Weka hii mistari kwa daftari, utahitaji kujua nani alikuwa Askofu Mkuu kila wakati mtu wako alipohamishwa.

Ngazi, kwa ufupi

Askofu wa Methodist haanguki kutoka juu. Anaanza kama mshiriki kwenye darasa, kikundi kidogo cha washirika, chini ya kiongozi wa darasa, anakuwa mhubiri wa mahali, jina lake linaingia kwenye plani ya sakiti, ile ratiba ya wahubiri, anahojiwa na sakiti alafu sinodi, ambayo ni eneo lenye sakiti kadhaa, anaenda kusomea uchungaji, anakaa kwa majaribio, anawekewa mikono kwenye konferensi, anapewa sakiti, baadaye anakuwa msimamizi wa sakiti yenye wachungaji wengine chini yake, na ndio sasa anaweza kuchaguliwa kuongoza sinodi. Wengi wa wanaostaafu siku hizi walisomea Limuru, chuo cha St Paul's ambacho tangu 1955 kilikuwa cha pamoja cha Waanglikana, Wapresbiteri na Wamethodisti, kwa hivyo usishangae rafiki yake wa karibu zaidi akiwa askofu wa ACK, kanisa la Anglikana. Mtafute huyo rafiki. Waliosoma pamoja Limuru wanajua mtu alikuwa nani kabla hajavaa shati la zambarau.

Kitu kimoja cha imani hapa uandike sawasawa. Kwa Wamethodisti uaskofu ni kazi anayopewa mchungaji, si daraja jingine juu ya uchungaji. Hii inatoka kwa John Wesley mwenyewe, aliyekuwa kasisi wa Kianglikana wala hakuwa askofu, lakini 1784 akamwekea mikono Thomas Coke kwenda kusimamia kazi ya Marekani, na baadaye alikasirika aliposikia Asbury na Coke wanaitwa maaskofu. Kwa hivyo usiandike "alipandishwa daraja akawa askofu". Andika alichaguliwa, akasimikwa, akaongoza sinodi fulani kutoka mwaka huu hadi mwaka huu.

Chora mstari wa sakiti

Hii ndio kazi yenyewe. Chukua daftari kubwa, kila sakiti ipe ukurasa wake. Juu andika mwaka wa kuingia na wa kutoka, makanisa yalikuwa mangapi, nani alimtangulia, nani alimfuata, watoto walisoma wapi, na chini kabisa ni karatasi gani inathibitisha. Hiyo ya mwisho usiiruke hata kama askofu mwenyewe amekuapia. Mtu aliyehama mara nane anachanganya sakiti ya tatu na ya nne bila kukusudia.

Karatasi ziko, tena nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Minitsi za konferensi na za sinodi zina orodha ya vituo vya wachungaji, huo ndio uti wa mgongo. Rejista za ubatizo na ndoa ziko kwenye kanisa ama ofisi ya sakiti, na kila aliyebatiza au kufungisha ndoa ametia sahihi na tarehe, kwa hivyo ukiona sahihi yake ya kwanza Machi na ya mwisho Desemba miaka minne baadaye, umepata jibu. Kama kuna mama mzee ametunza plani za zamani za sakiti, yale makaratasi ya nani atahubiri wapi robo hii, mshukuru sana na umwombe upige picha hapo hapo mezani kwake, usiondoke nazo.

Alafu kuna hii ambayo watu wengi hawaijui: Gazeti Rasmi la Serikali. Mchungaji hawezi kufungisha ndoa kisheria bila leseni, na serikali imekuwa ikichapisha majina ya wachungaji waliopewa leseni pamoja na kanisa lao. Matoleo ya zamani yameskaniwa na yanasomeka kwa intaneti bure. Tafuta jina lake kwa kila aina ya tahajia, hasa majina ya Kimeru yenye M' mbele, maana mpigachapa wa wakati huo angeweza kuiweka, kuiacha au kuiunganisha. Ukimpata, una tarehe ya serikali ya leseni yake, na hiyo hakuna mtu atabishana nayo kwenye komiti.

Hapa mjini pia pita Kumbukumbu za Kitaifa pale Moi Avenue ukitaka ripoti za kila mwaka za wilaya ya Meru za wakati wa mkoloni, zinataja misheni na shule, zitakusaidia kuelewa mazingira alimozaliwa. Maktaba ya McMillan ina magazeti ya zamani. Usipotee huko lakini. Nimeona watu wanaingia kutafuta askofu wanatoka na habari za DC, mkuu wa wilaya wa mkoloni.

Watu wa sakiti

Ukishapata mstari, chagua sakiti tatu, nne, uende. Ndiyo, uende. Kama ni Meru panda gari asubuhi pale Tea Room, mchana uko Kaaga. Kama huwezi, tafuta watu wa hiyo sakiti walioko Nairobi, na wako wengi, simama nje baada ya ibada ya Kimeru ama ya Kiswahili uulize nani alikuwa sakiti fulani miaka ya tisini. Utaelekezwa hadi utachoka.

Usitafute wachungaji pekee. Tafuta aliyekuwa mweka hazina, huyo anakumbuka pesa. Tafuta kiongozi wa umoja wa wanawake, huyo anakumbuka nani alitembelewa akiwa mgonjwa na nani hakutembelewa. Tafuta kijana wa Boys' Brigade wa wakati ule, sasa ni baba wa watu, aliyepiga ngoma mbele ya gwaride askofu akisimama pale anaangalia. Tafuta mtunza nyumba ya mchungaji. Na tafuta mtu aliyewahi kukosana naye, kwa heshima, umwambie unaandika safari ya Baba Askofu na hungependa kuacha upande wake. Mara nyingi huyu ndiye atakupa habari bora, maana hana haja ya kusifu, na akisema "lakini kwa hili nampa heshima yake" ujue umepata dhahabu.

Swali ninalolipenda kuliko yote: alipoondoka, nini kilibaki? Wakianza na majengo sikiliza, andika, alafu uliza tena. Watakwambia alituachia wahubiri wanane wapya. Watakwambia alitufundisha kufanya mkutano wa robo mwaka bila kupigana. Kuna mama mmoja aliniambia mchungaji wao, ambaye baadaye akawa askofu, alikuwa anakuja shambani kwake anashika jembe mistari miwili kwanza kabla ya kuuliza habari ya mtoto aliyepotelea Nairobi, na mimi sijawahi kusikia maelezo ya uchungaji yaliyonitosha kama hayo.

Waliobeba gharama

Sasa Mama Askofu na watoto. Kwenye programu nyingi wanapewa mstari mmoja, "mke mpendwa na watoto", na ni makosa makubwa maana uhamisho haukuwa wa mtu mmoja. Wake wa wachungaji wengi wa kizazi hicho walikuwa walimu ama wauguzi. Mume anahamishwa na konferensi, mke mwalimu anategemea TSC, tume ya walimu, imhamishe naye, na hizo ofisi mbili haziongei. Kwa hivyo kuna miaka walikaa mbalimbali, ama yeye aliacha kupanda cheo ili aifuate familia, ama mshahara wa mwalimu ndio ulilisha nyumba ya mchungaji wakati sakiti haikuwa na kitu. Muulize wazi: Mama, kuna wakati mshahara wako ndio ulikuwa unashikilia huduma? Akikubali iandikwe, iandike bila kuipunguza.

Watoto nao waulize walibadilisha shule mara ngapi. Mtoto aliyehamishwa akiwa darasa la saba, anaingia shule mpya mwaka mmoja kabla ya KCPE, mtihani wa darasa la nane wa wakati huo, akikuta wenzake wanaongea lugha ya nyumbani asiyoijua, huyo naye ametumika kanisani. Wengine wana uchungu bado. Wasikilize, usiwabishie, na usichapishe neno lao bila kuwasomea kwanza. Kwa mambo ya ugonjwa, ndoa za watoto, vifo vya nyumbani, familia ndiyo inasema kipi kinatoka na kipi kinabaki ndani.

Miaka ya uaskofu

Hapa kila mtu anataka kuweka picha za kukata utepe. Weka moja. Alafu eleza kazi. Askofu wa sinodi anaongoza mikutano ya sinodi, anachunga wachungaji wenyewe, ambao nao wanaumwa, wanakosana na wake zao, wanakopa, wanafiwa, na watu wanasahau kwamba mchungaji hana mchungaji mwingine ila askofu wake. Anakaa kwenye meza ya kupanga uhamisho. Anawakilisha kanisa kwenye shule ambazo kanisa ni mfadhili wake, kama Kaaga Girls, na kwenye taasisi kama hospitali ya Maua na chuo kikuu cha Methodist, KeMU, kilichoanzishwa 1997. Anakaa na viongozi wa makanisa mengine kwenye NCCK, baraza la makanisa ya Kenya. Anaitwa usiku kwamba sakiti fulani wamefunga kanisa kwa kufuli.

Kwa hivyo uliza: ulimhamisha nani ukalia? Kuna uhamisho ulioukataa? Wachungaji wangapi uliwapeleka shule? Ulikuta sinodi ina sakiti ngapi ukaiacha na ngapi, na hizo mpya zilijisimamia ama ziligawanywa tu kwenye karatasi? Hilo la mwisho linahitaji ujasiri kidogo lakini maaskofu wazuri wanalijibu vizuri.

Kama kulikuwa na mgogoro uliofika kortini ama kwenye magazeti, usijifanye haukuwepo, kila mtu atakayesoma anaujua. Hukumu za mahakama zimewekwa na Kenya Law kwa intaneti, zisome mwenyewe badala ya kutegemea ya WhatsApp. Andika sentensi nne tulivu: kulikuwa na jambo gani, pande zilisema nini, liliamuliwaje, yeye alifanya nini baadaye. Usitumie neno la kumhukumu mtu, na usimwite mtu adui wa kanisa kwenye wasifu wa askofu. Wajukuu wa huyo mtu watakaa benchi hiyo hiyo Jumapili.

Ukikaa kuandika

Futa kila sentensi inayoweza kuandikwa kuhusu askofu mwingine yeyote. "Alikuwa mtu wa watu" futa. "Alifanya kazi kwa bidii akainua kanisa" futa, ama uifanye ionekane. Tuseme sakiti ilikuwa na makanisa sita na mchungaji ni yeye peke yake. Basi mweleze msomaji kwamba kila kanisa lilimwona Jumapili moja kati ya sita, hizo nyingine tano wahubiri walei ndio walisimama, kwa hivyo Jumamosi jioni alikuwa anawaketisha nyumbani kwake wanasoma andiko la kesho pamoja, Mama anapika githeri ya watu kumi na wawili. Kama hivyo ndivyo ilivyokuwa, umeeleza bidii bila kuitaja, na wale wahubiri wakisoma watajiona.

Panga kwa sakiti, si kwa mada. Kila sakiti aya moja ama mbili, ile iliyombadilisha ipe ukurasa mzima, ile ya mwaka mmoja ipe mstari. Si lazima zilingane. Mtu akihesabu aya akuulize kwa nini Tana River ina nafasi kubwa kuliko Nairobi, mwonyeshe daftari.

Andika Kiswahili cha watu wataokisoma. Kimombo cha kanisa kina maneno mazito, lakini mama wa Kawangware na mzee wa Ribe wote wanaelewa sakiti, plani, darasa, konferensi. Maneno aliyoyasema mwenyewe yaweke vile vile alivyoyasema kwenye rekodi, hata kama aliyachanganya na Kimeru, alafu fafanua pembeni kwa Kiswahili.

Ukimaliza, soma kwa sauti mbele ya Baba Askofu na Mama, wakiwa pamoja, kalamu mkononi. Watabishana tarehe. Waache wabishane, mara nyingi hapo ndipo linatoka jambo ambalo halikutoka kwenye mahojiano. Akitaka kuondoa kitu kinachomhusu yeye, ondoa. Akitaka kuongeza sifa, mwambie kwa upole kwamba watu wa sakiti wameshasema, na umsomee walichosema.

Uchapishaji ni rahisi kama umejipanga. Kijitabu cha kukunja na kupiga pini katikati kurasa zake lazima zigawanyike kwa nne, karatasi moja ikikunjwa inatoa kurasa nne, kwa hivyo andika kwa kurasa nane, kumi na mbili, kumi na sita, usifike kwa wachapishaji wa River Road na kurasa kumi ukashangaa mbili ziko tupu. Picha usizitume kwa WhatsApp kama picha, zinabanwa zinapoteza ung'avu, zitume kama faili, ama skani mwenyewe kwa saizi ya kuchapisha. Chini ya kila picha andika walioko, kuanzia kushoto, kwa majina kamili, kanisa gani, mwaka gani. "Askofu na washirika" haitoshi, hao washirika wana majina na wajukuu wao watayatafuta.

Nakala zikitoka, tenga chache kabla hazijagawanywa siku ya ibada maana zitaisha. Moja peleka ofisi ya konferensi, moja ofisi ya sinodi, moja maktaba ya KeMU, moja maktaba ya Limuru, na moja kwa kila sakiti uliyoitaja ndani. Rekodi za sauti weka kwenye diski mbili, moja ibaki kwa familia na nyingine kwa kanisa, ukiandika juu yake jina, tarehe na aliyekuwa anauliza. Na zile picha ulizoazima rudisha mwenyewe kwa mkono, kila moja kwenye bahasha yake, pamoja na nakala ya kijitabu kwa aliyekuamini nayo.